Mpwa wangu alinyamaza tangu msiba wa baba yake: jinsi dufu na penseli za rangi vilivyosaidiana na unasihi

MjombaNgamiani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Dada yangu ameniruhusu kuuandika, na nimebadilisha mambo kadhaa ili mtoto asijulikane. Naandika kwa sababu mwaka jana nilikesha nikitafuta maandishi ya Kiswahili ya kunieleza afanyiwe nini mtoto aliyeacha kusema, nikaambulia mistari miwili mitatu tu. Huenda kuna mtu usiku huu anatafuta kama nilivyotafuta.

Shemeji yangu alikuwa dereva wa bodaboda hapa Tanga. Alifariki kwa ajali alfajiri moja akimuwahi abiria wa basi la kwanza. Hakuwa amevaa helmeti. Kaacha mke na watoto wawili. Mkubwa ana miaka tisa, na ndiye ninayemzungumzia.

Dada akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo shughuli za nje zote za watoto zikawa zangu. Siku za mwanzo hatukugundua kitu. Nyumba ya msiba imejaa watu, na mtoto aliyenyamaza anaonekana mtoto mwenye adabu. Ilipopita arobaini na watu wakatawanyika ndipo tukashituka: mtoto hasemi kabisa. Anakuelewa vizuri. Ukimtuma dukani kwa kikaratasi anakwenda, na chenji anarudisha kamili. Ila neno hatoi. Shuleni mwalimu mmoja aliona ni jeuri, akamchapa viboko.

Tulianza kwa shehe, akamsomea. Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu najua humu huwa tunabishana sana juu ya dini na hospitali: shehe mwenyewe ndiye aliyetuambia tumpeleke hospitali. Alisema yeye ataendelea na dua, nasi tuendelee na tabibu, hivyo viwili havijawahi kugombana.

Hospitali wakamtazama masikio na koo, vyote salama. Tukaandikiwa kwa mnasihi, yaani mtaalamu wa ushauri nasaha, mama mmoja wa makamo. Chumba kidogo, meza moja, viti vitatu, dirisha linalotazama mwembe. Nilitegemea atamhoji mtoto, lakini hakumuuliza kitu. Aliweka karatasi nyeupe na boksi la penseli za rangi mezani, halafu akawa anagonga meza taratibu kwa penseli moja: ko, ko, ko-ko. Anaacha. Anarudia. Mpwa wangu anatazama mwembe.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili pia. Mimi ni seremala, nikikosa nusu siku karakana inasimama. Nikawa najisemea moyoni kwamba mama huyu anatupotezea muda.

Wiki ya tatu akagonga ko, ko, ko-ko, akaacha. Mtoto, macho yakiwa bado dirishani, akaunyoosha mkono na kugonga meza kwa kidole mara moja. Ko.

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu binadamu kwa zaidi ya miezi miwili.

Mnasihi akaniuliza kama nyumbani tuna ngoma yoyote. Ngoma hatuna, lakini madrasa anayosoma wana madufu ya maulidi, na ustadhi akatuazima moja. Vikao viwili vilivyofuata vikawa dufu tupu: mtoto kwenye dufu, mnasihi kwenye meza. Mtoto akipiga kwa hasira, naye anagonga kwa nguvu. Mtoto akilegeza, naye analegeza. Hakuwahi kumwambia "punguza". Nilivyoona mimi, alikuwa anamfuata popote alipokwenda, kama mtu anayemsindikiza mwenzake gizani.

Halafu mtoto akaanza kuchora. Wiki ya kwanza pikipiki nyekundu, ya pili pikipiki nyekundu, ya tatu ileile. Taa, vioo, hadi springi za nyuma kaziweka, lakini juu ya kiti hakuna mtu. Mnasihi hakusema "hii ni ya baba, eeh?" Alisema tu anachokiona: "Pikipiki imesimama." "Leo taa inawaka."

Wiki ya nne ya kuchora, pembeni kabisa ya karatasi, akachora kitu cha mviringo, akakipaka rangi nyeusi hadi karatasi ikataka kutoboka. Mnasihi akauliza, "Na hiki?"

"Helmeti."

Sauti ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyeamka usingizini.

"Iko wapi hiyo helmeti?"

"Uvunguni. Niliificha mimi."

Wakuu, miguu iliniisha nguvu nikiwa nimekaa. Usiku ule kumbe alikuwa anaichezea. Akaificha chini ya kitanda asije akagombezwa, usingizi ukampitia. Baba yake alfajiri kaitafuta, kaikosa, na abiria anapiga simu, akatoka bila helmeti. Mtoto aliposikia habari za ajali alijumlisha mwenyewe, na jumla yake akaibeba peke yake muda wote ule.

Nilitaka kuruka nimwambie "hapana mwanangu, si kosa lako". Mnasihi akaninyooshea kiganja ninyamaze. Baadaye alinieleza kwamba ningelisema neno lile upesi, mtoto angesikia "basi, yaishe, usiseme tena". Alimwacha aseme hadi mwisho, akalia hadi mwisho. Unasihi wenyewe ulianzia pale, wala haukuwa wa siku moja. Ulichukua miezi.

Ninachotaka kusema ni hiki. Huyu mtoto ningemuuliza maswali mwaka mzima, asingenijibu. Dufu na penseli ndivyo vilivyofungua mlango. Lakini ningekuwa nimemnunulia rangi tu nikamwachia chumbani, ile helmeti ingebaki kwenye karatasi naye angebaki nayo, tena pengine imekuwa nzito zaidi maana sasa ameiona kwa macho. Alihitajika mtu aliyesomea kupokea kinachotoka.

Wenye ujuzi naomba mje mtufundishe. Na wenye uzoefu wenu, semeni.

BintiKorogwe

Pole sana mkuu, na pole kwa dada. Nimesoma pale "uvunguni" nikaweka simu chini.

Mzee wa Chumbageni

Allah amrehemu shemejio. Hongera kwa kusimama kama mjomba.

SistaDom

Mjomba, pole, na ahsante kwa kuandika. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi za afya ya akili zaidi ya miaka kumi na tano. Nimeguswa, lakini kuna jambo nisipolisema sitalala, kwa sababu najua kesho watu watasambaza uzi huu WhatsApp kwa kichwa cha "kuchora kunatibu sonona".

Kuchora peke yake, hapana. Tuwe wakweli na ushahidi uliopo. Kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi za waliokimbia vita, walichukuliwa vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kundi moja likapewa mazungumzo ya kikundi yenye utaratibu maalumu, wakiongozwa na mtu aliyefunzwa. Kundi la pili likapewa michezo ya ubunifu. La tatu likasubiri. Wiki 16. Matokeo yalitoka mwaka 2007: mazungumzo yaliwasaidia, hasa wasichana. Michezo ya ubunifu peke yake haikupunguza sonona kuliko kusubiri tu. Haya yametokea kwa jirani zetu, kwa watoto wenye majeraha tunayoyajua.

Uingereza nako, mwaka 2012 ulitoka utafiti wa wagonjwa 417 wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo. Waliopangiwa tiba ya sanaa ya kikundi mara moja kwa wiki hawakuonekana kuwazidi waliopata matibabu ya kawaida. Tena wengi walipangiwa lakini hawakuhudhuria.

Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Nasema kwa sababu nimepokea wagonjwa walioachishwa dawa na ndugu kwa sababu "amepata kipaji, anaimba, amepona". Wanarudi wakiwa wamefungwa kamba.

MjombaNgamiani

Sista, nashukuru sana. Hilo la Uganda sikulijua, na limenieleza nilichokiona bila kuwa na maneno ya kukisema. Kichwa cha uzi nilitaka kiandikwe "viliponya", mke wangu akanikatalia. Sasa naona alikuwa na haki.

Udongo na Karatasi

Wanajamvi, mimi ni mnasihi, niko Arusha. Sista kasema kweli tupu, nami naomba niongeze upande wa pili wa sarafu hiyohiyo.

Finland mwaka 2011 walichapisha utafiti wa watu 79 wenye sonona. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida: dawa, mazungumzo, miadi ya daktari. Baadhi wakaongezewa vikao 20 vya tiba ya muziki, mtu mmoja na mtaalamu wake. Hawakuwa wakikaa kusikiliza redio. Walikuwa wanapiga wenyewe, mgonjwa na mtaalamu kila mmoja na chombo chake, na kati ya vyombo hivyo ilikuwamo djembe, ngoma yetu ya Afrika Magharibi. Wakipiga, wanaacha, wanazungumza juu ya kilichojitokeza, wanapiga tena. Baada ya miezi mitatu walioongezewa muziki walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Baada ya miezi sita, vikao vikiwa vimekwisha, tofauti ilikuwa imefifia.

Ukiweka Uganda na Finland pamoja unaona jambo analolisema Mjomba. Ubunifu ulipoachwa peke yake, haukutosha. Ulipokaa bega kwa bega na matibabu na mazungumzo, ulisaidia, na ulipokoma tofauti ile ikafifia. Kwa hiyo anayeuliza "ni sanaa au ni unasihi?" kauliza kama anayeuliza mkono wa kulia au wa kushoto ndio unaopiga makofi.

Kuhusu yule mama kumfuata mtoto kwa mapigo: hilo lina msingi wake. Wataalamu wa muziki husema uanze pale mtu alipo. Mwenye hasira usimwekee wimbo wa kutuliza, atajiona hakusikika. Anza na mdundo wenye hasira kama yake, mkae humo pamoja, halafu kidogo kidogo mteremke. Bibi zetu walijua. Angalia mwanamke anavyombembeleza mtoto anayelia kwa nguvu: huanza kwa kumrusharusha na sauti ya juu, anapunguza kadiri mtoto anavyopunguza. Huanzi na mnong'ono.

Na lugha yetu inajua pia. Ngoma kwetu ni chombo, ni mchezo wa kucheza, na tangu zamani ni tiba. Waganga wa ngoma walimweka mgonjwa katikati, jamaa wakamzunguka, wakamwimbia usiku kucha. Siwatetei kwa kila walichofanya, mengine yaliumiza watu. Ila hawakumwacha mgonjwa peke yake na sauti. Pembeni yake palikuwa na mtu.

Mimi sikusomea tiba ya sanaa, nimesomea unasihi, nikaongeza mafunzo mafupi. Jina lenyewe la tiba ya sanaa lilipata umaarufu kwa mchoraji wa Kiingereza, Adrian Hill, mwaka 1942. Alikuwa amelazwa na kifua kikuu, akajikuta kuchora kunampitishia siku, akaanza kuwashawishi wagonjwa wenzake. Kwa hiyo ilianzia kitandani kwa mgonjwa.

Ninachotumia zaidi ni udongo wa mfinyanzi. Kwa watu wazima, hasa wanaume, karatasi huwatisha: "mimi sijui kuchora." Udongo hakuna asiyejua kuubonyeza. Nina baba mmoja alikuja vikao vitatu akifinyanga na kuvunja, kufinyanga na kuvunja, hasemi zaidi ya salamu. Cha nne akafinyanga sufuria ndogo yenye mfuniko, akaniuliza kama anaweza kuiacha kwangu. Nikamwambia itakaa rafuni palepale atakapoiona kila akija. Mwezi mzima baadaye ndipo alipoufunua mfuniko na kuniambia kilichomo. Sitasema ni nini, ni siri yake. Ila kama ningemlazimisha siku ya kwanza, asingerudi.

Onyo kwa wazazi: msifasiri michoro. Mtoto kapaka nyeusi, mama anapiga simu analia. Pengine kalamu nyeusi ndiyo pekee iliyobaki na ncha. Mwulize tu "niambie juu ya hii", kisha unyamaze. Na tafadhali sana, michoro ya mtoto aliye kwenye unasihi msiiweke status.

Mama wa Kisauni

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Mombasa, husoma tu humu bila kuandika, lakini leo nimeshindwa kunyamaza.

Nilipojifungua kifungua mimba wangu niliugua, na sikujua ni ugonjwa. Kila mtu alikuja na zawadi na pongezi, nami nilikuwa nikimtazama mtoto naona ni wa mtu mwingine nimeachiwa nimshikie. Nilikuwa nikilia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa ili mama mkwe asisikie. Muuguzi wa kliniki ya watoto ndiye aliyeniona siku ya chanjo, akanikalisha, akaniuliza maswali, akanipeleka kwa mshauri.

Mshauri aliniuliza kama humwimbia mtoto. Nikamwambia siwezi, nikianza koo hujifunga. Akaniambia usimwimbie, vumisha tu, mdomo ukiwa umefumba, wimbo wowote alioimba nyanyako. Nyanya yangu alikuwa mtu wa Lamu, alikuwa na wimbo wa kutwanga ambao maneno yake nusu siyajui hata leo. Nikaanza kuvumisha huo, kila jioni, mtoto akiwa kifuani. Juma la kwanza nilivumisha kama kazi niliyopewa. Siku moja nikaona mtoto ameacha kunyonya, ananitazama mdomo, anatafuta sauti inatoka wapi. Ndiyo siku ya kwanza nilipomwona ni wangu.

Lakini niliendelea kwa mshauri miezi saba, na dawa nilitumia kwa muda. Nikija kwake nilikuwa na la kumwambia, kwa sababu nyimbo zilikuwa zikinifumbua mambo. Wimbo wa nyanya ulinikumbusha kwamba mamangu mwenyewe hakuwahi kuniimbia, na hilo ndilo tuliloliongea kwa muda mrefu.

Baadaye nilisoma kwamba Uingereza mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kuzaa waligawanywa, wengine wakawekwa kwenye vikundi vya kuimba na watoto wao kwa wiki kumi, na waliokuwa na hali mbaya wakapata nafuu haraka kuliko waliopata huduma ya kawaida. Gambia nako wameanza na wajawazito, wakiimba pamoja na vikundi vya Kanyeleng. Hao ni wanawake waliokosa watoto au kufiwa nao, na tangu jadi huimba na kupiga ngoma kwa niaba ya wenzao. Nilipojua hilo nililia tena, ila kilio kingine.

BintiKorogwe

Dada wa Mombasa, ahsante. Nimemtumia mdogo wangu, ana wiki sita tangu ajifungue.

Msafiri Kigali

Mimi Mtanzania, kazi imenileta Rwanda. Nitasema kifupi. Kusini kule Huye kuna kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, lilianzishwa mwaka 2004 na msanii Odile Gakire Katese. Rwanda ngoma zile kubwa zilikuwa za wanaume, mwanamke hakuzigusa. Kundi lilichanganya wanawake wa pande zote mbili za mauaji ya 1994: wajane, yatima, na wengine ambao waume zao au baba zao walikuwa magerezani kwa kuua.

Ngoma moja hupigwa kwa kusikilizana. Ukitangulia unaharibu, ukichelewa unaharibu. Hebu fikirini kulazimika kusikiliza mikono ya mtu ambaye hujaweza kumsalimia.

Lakini nchi hii haikuwaachia ngoma kazi yote. Wanasihi waliandaliwa hadi vijijini, na kila Aprili, kwenye maombolezo, wapo wahudumu wanaokaa tayari kwa wanaozidiwa palepale uwanjani. Maana nyimbo za kumbukumbu humrudisha mtu mwaka 94 kwa dakika moja. Muziki hufungua jeraha kwa kasi ambayo maneno hayana. Kwa hiyo panapoimbwa, awepo wa kushika.

KakaIringa

Nina swali. Mdogo wangu ana miaka 20, anasikia sauti. Alipelekwa hospitali akapewa dawa. Anapiga gitaa vizuri sana, na akipiga anatulia kabisa. Sasa anasema dawa zinamlegeza vidole, anataka aziache abaki na gitaa. Nyumbani wamegawanyika. Mama anaona bora gitaa.

SistaDom

KakaIringa, asiache dawa. Kulegea vidole ni malalamiko ya kweli, si uvivu wala visingizio, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Mrudisheni wiki hii, msisubiri tarehe ya miadi. Na aende na gitaa lake. Ampigie daktari wimbo mmoja, daktari aone mwenyewe vidole vinavyoshindwa. Ikiwa sauti zinamwambia ajidhuru au amdhuru mtu, msingoje asubuhi.

Gitaa lisifichwe wala lisitumike kumtishia: "usipomeza hupewi." Ni lake.

Na kwa kila mtu humu: kijana anapoandika mashairi ya kufa, anapogawa vitu vyake, anapoaga aga, hiyo si sanaa ya kusifia. Mkalisheni, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo. Kwa watoto, Tanzania kuna namba 116, kupiga ni bure.

KakaIringa

Nimemsomea mama ujumbe wako wote. Tunakwenda Jumatano. Gitaa linakwenda.

Udongo na Karatasi

KakaIringa, utuletee majibu.

Kuna aliyeniuliza faraghani kuhusu gharama. Vifaa si tatizo: karatasi, penseli, udongo wa mtoni, debe la kupiga. Gharama ni mtu. Kabla hujampa mtu mwanao, muulize amesomea nini na wapi, kama ana mtu mwenye uzoefu anayempitia kazi yake, michoro anaihifadhi wapi na nani anaiona. Mwenye kujua kazi hatakasirika. Anayekuahidi kupona kwa vikao vitatu, ondoka. Na hospitali nyingi za mikoa zina afisa ustawi wa jamii. Anzia kwake kabla ya kwenda kulipa fedha nyingi mjini.

Mjomba, wewe uko Tanga. Hapo Korogwe milimani kuna Lutindi, ilianza mwaka 1896 ikiwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya afya ya akili. Kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya matibabu pale miaka nenda rudi. Nasema hili kwa wanaodhani mambo haya yameletwa juzi.

BintiKorogwe

Mjomba, dada yako je? Alipoambiwa ya helmeti ilikuwaje?

MjombaNgamiani

Nilijua swali hili litakuja, nikawa nalikwepa.

Mnasihi alitaka kumwona dada kwanza peke yake, mara tatu, kabla ya kuwaweka pamoja. Nikaona ni kuzungusha. Sasa nashukuru. Dada alipoambiwa mara ya kwanza hakulia. Alisema, "Niacheni," akatoka akasimama chini ya ule mwembe karibu saa nzima. Aliniambia baadaye kwamba kwa muda mfupi sana, pale chini, alimchukia mwanawe. Kisha akajichukia yeye kwa kumchukia. Ameniruhusu niliandike hilo pia, alisema wapo akina mama watakaolihitaji.

Siku walipokutanishwa, mtoto alikuwa na dufu mapajani. Hakuna aliyesema kitu. Dada akakaa sakafuni mbele yake, akaweka kiganja juu ya ngozi ya dufu. Mtoto akagonga chini chini pembeni ya kiganja cha mama yake. Wakakaa hivyo, sijui dakika ngapi. Halafu dada akamwambia kwamba asubuhi ile baba yake alimwuliza na yeye kuhusu helmeti, naye akamjibu kwa usingizi, "nenda tu, si mbali." Kumbe naye alikuwa na yake.

Siwezi kuandika zaidi hapo.

Mtoto sasa anaongea, si kama zamani, lakini anaongea. Shuleni amehamishiwa mkondo mwingine. Anaota ndoto mbaya bado, hasa mvua ikinyesha alfajiri. Tunaenda kwa mnasihi mara moja kwa mwezi. Mwezi uliopita alinifuata karakana akaniomba nimtengenezee chango. Nikamuuliza cha kutundika nini, akasema helmeti, aitundike sebuleni karibu na mlango, pasiwe juu sana. Nikachonga kwa mninga, nikamwachia msasa apige mwenyewe. Dada akakubali. Akipita hapo asubuhi mwanzoni alikuwa anaigusa, siku hizi mara nyingine anapita tu.

Mama wa Kisauni

Mwenyezi Mungu awashike mikono nyote watatu.

Mgeni Muheza

Habari, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Binti yangu ana miaka saba, hajasema tangu Ramadhani, sababu hatuijui. Naogopa kumpeleka watu watasema. Na kuchora hachori kabisa, kalamu anazitupa.

MjombaNgamiani

Pole sana dada yangu. Asipochora, asilazimishwe, wangu naye hakugusa karatasi kwa wiki kadhaa. Muwe naye karibu, msimuulize uliza. Ila safari ya hospitali isingoje achore. Sababu msipoijua ndiyo haraka zaidi, pengine kuna mtu amemtisha au amemfanyia jambo, na hilo linamtaka mtaalamu. Basi la asubuhi kutoka Muheza linafika mapema. Nitumie ujumbe faraghani, nitakueleza chumba kiko upande gani, na ukitaka mke wangu atakusubiri stendi ili usiingie peke yako. Mletee kitu chochote anachopenda kukigonga nyumbani, hata kikombe.